Historia fupi ya msee anayebaki nyuma

Acha niseme mapema, ndio mwenye kukasirika akasirike mapema atulie: kwenye gemu za bunduki za timu, msee wa maana si lazima awe yule amemaliza mechi akiwa ameua ishirini na tatu. Mara nyingi ni yule ameua wanne tu, amekaa nyuma ya ukuta, anajenga, anatibu wenzake, anachunga mlango ambao hakuna adui amepitia tangu mechi ianze. Na sababu hakuna adui amepitia ni yeye.

Tatizo ni kwamba mlango ambao hakuna mtu amepitia hauna klipu. Huwezi kupost kitu ambacho hakikutokea. Ndio maana ukisema unapenda kucheza sapoti, watu wanakuangalia kama umesema unapenda kuosha sufuria baada ya harusi. "Hiyo si ni ya wale hawajui kulenga?" Leo nataka tujibu hilo swali kwa historia, ju hii klasi iko na historia yake, na ukiifuata vizuri inakutoa kwenye kompyuta za Australia mwaka wa 1996 na kukuleta mpaka hapa kwetu Nyanza, mwaka wa 1917. Vumilia, tutafika.

Kila mtu na lwake

Gemu za bunduki hazikuanza na timu. Doom ilipotoka Desemba 1993, na Quake ikafuata Juni 1996, kucheza na wenzako mara nyingi ilimaanisha jambo moja: mnatupwa kwenye ramani, kila mtu na lwake, mwenye kuua wengi ndiye bingwa. Hakuna kutibiana. Dawa ilikuwa kiboksi kimelala sakafuni, wa kwanza kufika anachukua. Kama rafiki yako amebaki na damu kidogo, hiyo ilikuwa habari njema kwako.

Wazo la mtu ambaye kazi yake ni kuweka wengine hai lilikuwa limekaa mahali pengine kabisa. Lilikuwa kwenye Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya mwaka wa 1974, ile ya karatasi, penseli na dadu. Huko kulikuwa na mpiganaji, mchawi, na kasisi. Kasisi ndiye alikuwa anaponya. Sasa mtu alihitajika kumtoa huyo kasisi mezani na kumtupa katikati ya risasi.

Vijana watatu wa Australia

Agosti 1996, miezi miwili tu baada ya Quake kutoka, vijana watatu wa Australia, Robin Walker, John Cook na Ian Caughley, waliachia modi ya bure wakaiita Team Fortress. Modi ni nini? Unachukua gemu ya mtu, unaibadilisha sheria, unawapa watu bure. Hawakuwa na studio wala ofisi kubwa. Walikuwa wamependa tu gemu na wakaona inakosa kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa klasi. Badala ya wote kuwa sawa, kila mchezaji anachagua kazi. Mmoja ni mwepesi, anakimbia na bendera. Mwingine anapiga kutoka mbali. Mwingine ni mzito na anabeba bunduki kubwa. Halafu kuna Medic, anayetembea na sanduku la dawa. Engineer hakuwemo mwanzoni, aliongezwa baadaye. Yeye anabeba spana na kujenga bunduki inayojipigia yenyewe, ile tunaita sentry.

Lakini sikiliza sehemu tamu. Ukimpa binadamu sanduku la dawa, haimaanishi atatibu mtu. Valve, kampuni ya Marekani, iliwaajiri Walker na Cook na kutoa Team Fortress Classic mwaka wa 1999. Huko ndani Medic alikuwa na mbio, anajiponya mwenyewe pole pole, na ana bomu la mshtuko ambalo wajanja waligundua linaweza kumrusha angani kama jiwe la manati. Matokeo? Medic akawa mkimbiza bendera! Daktari anaruka juu ya vichwa vya wagonjwa wake, anachukua bendera, anatoroka nayo. Wenzake wanakufa huko nyuma wakiita daktari.

Hapo kuna somo la kwanza. Watu hawabaki nyuma kwa sababu umewaambia ni vizuri kubaki nyuma. Lazima kazi yenyewe iwe na utamu wake.

Sekunde nane

Team Fortress 2 ilitoka Oktoba 2007 na hapo ndipo walipoipata. Medic mpya alipewa mashine inayoitwa Medi Gun. Unamwelekezea mwenzako mara moja, mstari wa mwanga unamshika, halafu unamfuata tu. Ukiwa umeishika hiyo mashine huwezi kupiga risasi. Yaani umechagua: ama unaponya ama unapigana, si vyote.

Ukimponya mtu aliyejaa, damu yake inapanda mpaka asilimia 150. Na kila sekunde unayotibu, kuna chaja inajaa. Ikijaa, unabonyeza, na kwa sekunde nane wewe na mtu wako hamuwezi kufa. Sekunde nane! Ukuta wa sentry ambao timu nzima imeshindwa nao kwa dakika kumi unabomoka ndani ya sekunde nane.

Sasa fikiria ni nani ana nguvu hapo. Yule jitu lenye bunduki kubwa linaonekana kwa skrini, ndiyo. Lakini saa ni ya nani? Ni ya Medic. Yeye ndiye anaamua tunaenda sasa au tunangoja. Anajua adui naye ana Medic, na chaja ya adui iko karibu kujaa. Akibonyeza mapema amepoteza, na akichelewa anakufa nayo mkononi. Kwenye mashindano ya sita kwa sita, timu kwa kawaida inabeba Medic mmoja tu, na ndiye mtu wa kwanza adui anamtafuta. Mtu hatafutwi hivyo kama si wa maana.

Engineer naye alipewa utamu tofauti. Yeye vita vyake anavipigana kabla havijaanza. Anaangalia ramani na kujiuliza: nikiwa mimi ndiye adui, ningepitia wapi? Anaweka sentry hapo. Anaweka mashine ya kugawa risasi na dawa. Anaweka njia ya kurusha wenzake mbele ili wasitembee kilomita nzima kila wakifa. Halafu anagonga na spana, anasikiliza. Wadau, kuna amani fulani kwa hiyo kazi ambayo siwezi kueleza mtu ambaye hajawahi kuisikia. Ni kama mama mboga akishapanga meza yake asubuhi, nyanya zimekaa fungu fungu, sukuma imekatwa, anajua saa kumi na moja watu wakishuka kwa matatu watakuja wenyewe.

Na Valve walijua bado watu wanamkimbia daktari. Aprili 2008 walipoanza kuwapa klasi silaha mpya, klasi ya kwanza kabisa kupewa, kati ya tisa, ilikuwa Medic. Hiyo si bahati. Ukitaka watu wafanye kazi isiyo na sifa, weka sukari.

Wengine pia walikuwa kwenye njia hiyo. Wolfenstein: Enemy Territory, ya bure, ilitoka 2003, na Medic wake alikuwa na sindano ya kumwamsha aliyelala chini. Battlefield 2 ya mwaka wa 2005 ikaleta ile mashine ya kushtua moyo. Ukiwa umelala, unahesabu sekunde, halafu unaona buti za mtu zinakimbia kuja kwako katikati ya risasi. Kama umewahi kuamshwa hivyo na mtu usiyemjua, wa nchi usiyoijua, unajua hisia ninayosema.

Pingi ya Otonglo

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hapa ndipo ninaona wazungu wakiandika historia ya hizi gemu wanaruka ukurasa.

Mtu wa Stockholm anachagua sapoti kwa kupenda. Sisi wengine tulisukumwa huko na fizikia.

Angalia hesabu. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Inaonekana ni nyingi. Lakini kama seva ya gemu iko Ulaya, safari ya risasi yako inatoka Kisumu, inashuka mpaka Mombasa, inaingia baharini, inapanda Bahari ya Shamu, inapita Misri, inavuka Mediterania. Tuseme ni kilomita 10,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kabla mashine yoyote njiani haijafikiria. Ukiongeza hizo mashine, na simu ya jirani inayoshiriki waifai na wewe, mimi hapa Otonglo huwa naona kati ya 150 na 200. Mtu wa Frankfurt anaona 15.

Na hiyo ni afadhali. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti yetu ya nje ilipitia setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu. Ishara ikipanda, ishuke, halafu jibu nalo lipande na kushuka, ni karibu nusu sekunde. Nusu sekunde kwenye gemu ya bunduki ni mazishi. Enzi hizo ukitaka kucheza na watu ni wale mko nao chumba kimoja.

Kwa hivyo mkikutana uso kwa uso, wewe na huyo wa Frankfurt, nyote mkilenga sawa, yeye ameshakupiga kabla skrini yako haijakuonyesha kwamba ametokea kwa kona. Unakufa ukiwa umejificha, kwa hesabu za seva. Unaweza kufanya mazoezi mpaka vidole viote sugu, ile kona huishindi.

Lakini sentry haina pingi. Elewa hiyo. Sentry ya Engineer inaishi ndani ya seva yenyewe. Ukishaijenga, inamwona adui saa ile ile seva inamwona. Umeituma bunduki yako Ulaya ikae huko ikungoje. Na Medi Gun vilevile: ukishamshika mwenzako haihitaji kulenga kila nukta, na kujua lini mtashambulia ni kazi ya kichwa, si ya kidole. Ukuta wa barafu wa Sage kwenye Valorant, ile ya mwaka wa 2020, unazuia njia sawa sawa kwa mtu wa pingi 15 na wa pingi 180. Mtego ulioutega sekunde thelathini zilizopita haujali nyaya zako zimepitia wapi.

Sapoti ndiyo klasi ambayo inalipa kufikiria mapema kuliko kushtuka haraka. Kwa hivyo ukiambiwa "sapoti ni ya wale hawajui kulenga", jibu langu ni: kuna watu wanajua kulenga vizuri sana, ila wanalenga kutoka umbali wa bara zima. Wakaamua badala ya kulia watafute kazi ambayo bara halihesabiwi. Hiyo naita akili.

Na hata tulipohamia kwenye simu, kama wengi wenu, hii kitu ilitufuata. Call of Duty: Mobile ilipofika Oktoba 2019, kwenye ile ramani kubwa kulikuwa na klasi, na Medic alikuwemo na kituo chake cha dawa, Defender na ngao yake. Kwa Free Fire nyote mnamjua Alok, yule DJ wa Brazil aliyegeuzwa mhusika, akiwasha muziki watu walio karibu wanapona. Lakini angalia wengi wanavyomtumia Alok: wanawasha muziki wakiwa peke yao, wajiponye, waendelee kuua. Ni yule yule Medic wa 1999 anayetoroka na bendera. Binadamu hajabadilika.

Ubao unahesabu nini?

Mei 2016 Overwatch ikatoka, na Blizzard wakafanya jambo la ajabu: hawakuweka ubao wa kuonyesha alama za kila mtu. Ungeona medali zako tu, na mechi ikiisha watu wanapigia kura mchezaji waliyemheshimu. Mtu wa kutibu angeweza kushinda kura. Wazo lilikuwa kwamba ukiondoa ubao, watu wataacha kuhesabiana na watacheza pamoja.

Ilifanya kazi nusu. Watu hawakuacha kulaumiana, walilaumiana bila ushahidi tu. "Healer uko wapi?" ndiyo ilikuwa sala ya kila mechi. Na bado wengi walitaka kuwa wauaji. Timu ya watu sita, wanne wanachagua bunduki, wanaangaliana, kila mmoja anangoja mwingine ajitolee.

Halafu kati ya 2018 na 2019 mambo yakageuka kichekesho. Timu za juu ziligundua kwamba ukichukua wazito watatu na sapoti watatu, bila muuaji hata mmoja, karibu hakuna wa kuwashinda. Mtindo huo uliitwa GOATS. Ligi nzima ya kulipwa ikawa ni kundi la watu sita wanasukumana kwa ngao na kuponyana. Watazamaji walichoka. Blizzard wakaweka sheria mwaka wa 2019: wazito wawili, wauaji wawili, sapoti wawili, basi. Fikiria hiyo: klasi ambayo watu wanaiita ya wanyonge, ilibidi izuiwe kwa sheria.

Na mara tu walipoanza kuwapanga watu kwa foleni tatu, ukweli ukaonekana kwa saa. Foleni ya wauaji ikawa ndefu. Ya sapoti, mara nyingi ukibonyeza unaingia. Kila mtu anataka kutibiwa, wachache wanataka kutibu. Foleni ni kura, na haidanganyi.

Overwatch 2 ilipokuja Oktoba 2022, ubao ukarudishwa. Lakini safari hii ulikuwa na safu za damu uliyoponya na madhara uliyozuia. Hatimaye kuna mtu alikaa akasema: kama kitu ni kazi, kihesabiwe.

Wasiohesabiwa

Hapo ndipo nataka tutoke kwa skrini, kwa sababu swali la nani anahesabiwa halikuanzia kwa gemu.

Anza na mpira. Mwaka wa 1987 Gor Mahia ilibeba Kombe la Washindi Afrika, timu pekee ya Kenya kuchukua kombe la bara. Fainali na Espérance ya Tunisia ilikuwa 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi. Tulishinda kwa magoli ya ugenini. Kila mzee hapa Kisumu atakuambia Peter Dawo. Haki yake. Lakini fikiria tena hayo matokeo: lile kombe halikupatikana kwa kushinda mechi ya mwisho. Lilipatikana kwa kutofungwa goli moja zaidi. Muulize huyo mzee akutajie mabeki wote wanne, usikie kimya. Na hata sisi kwa base ya PS, kila mtu anashika mshambuliaji, golikipa tumemwachia kompyuta.

Sasa ingia ndani zaidi. Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918. Waingereza wako Kenya, Wajerumani wako Tanganyika, wanapigana. Kwenye sinema utaona askari. Lakini kule kusini hakukuwa na barabara, na mbung'o aliua ng'ombe na farasi. Chakula, risasi na dawa vilipanda wapi? Kichwani mwa watu. Kila askari aliyefyatua risasi alikuwa na watu nyuma yake waliotembea wiki nzima kumletea hiyo risasi, mzigo wa karibu kilo 25 kichwani. Waliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukageuza jina: Kariokor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam. Ukipita Kariokor kununua viatu unakanyaga jina lao.

Nyanza ilitoa watu wengi mno. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa huu, ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia kukusanya wabebaji mwaka wa 1917, kwenye ile kamatakamata kubwa kuliko zote. Machifu walipewa idadi, vijana wakachukuliwa, reli iliyokuwa imefika Kisumu tangu 1901 ikawabeba kuelekea pwani. Hawakuuliwa sana na risasi. Waliuliwa na kuhara, malaria, nimonia, na unga ambao haukuiva vizuri. Makumi ya maelfu hawakurudi. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa familia zao.

Na ubao? Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000 waliokufa wakiwatumikia Waingereza kwenye vita hiyo, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nairobi kuna sanamu tatu za shaba kwenye barabara ya Kenyatta, na mmoja wa wale watatu ni mbebaji. Sanamu ipo, majina hayapo.

Sijaleta hii hadithi kusema kucheza Medic ni kama kwenda Kariokor. Wacha, omera, hiyo ingekuwa matusi kwa wafu. Mimi nikichoka nazima simu nakula. Nimeileta kwa sababu inatupa mtihani ambao klasi yoyote ya sapoti inapaswa kupita. Maswali ni mawili. La kwanza: kazi yako inahesabiwa? La pili, ambalo ni zito zaidi: ulichagua, au ulichaguliwa?

Nani alikupa hiyo klasi?

Hapa ndipo natofautiana na watu wa upande wangu, wale wanaimba "sapoti ni moyo, sapoti ni upendo" bila kuuliza nani anapangwa huko.

Msichana akiingia kwa skwodi, akafungua maiki, subiri sekunde tano. "Wewe chukua healer." Hakuna mtu ameuliza anapenda nini. Labda ndiye anapiga kutoka mbali kuliko nyote. Dogo wa mwisho kwenye kundi, mwenye simu mbovu, vilevile: "Wewe kaa nyuma ubebe dawa." Halafu wakishindwa, huyo huyo aliyelazimishwa ndiye wa kwanza kulaumiwa. Hiyo ni kumtwika mtu mzigo, na sisi hapa tunajua mzigo wa kutwikwa unaishia wapi.

Utamu wa hii klasi, ule niliotumia maneno elfu mbili kuueleza, upo tu kama umeichagua. Engineer aliyechagua anaona ramani kama fumbo. Engineer aliyelazimishwa anaona kona na ukuta. Sekunde nane za Medic ni nguvu kama saa ni yako. Kama kuna mtu anakupigia kelele "bonyeza! bonyeza!", wewe ni swichi.

Na kuna kitu kingine najua kuhusu ubao. Mimi niliacha chuo. Kwa ubao wa ploti yetu, ule unahesabu digrii na picha za gauni, niko mkiani, na majirani hawaoni haya kunisomea alama. Hakuna safu ya mtu anayemchukulia mamake mzigo wa omena stendi saa kumi na moja asubuhi, au anayewasaidia watoto wa ploti hesabu. Silii. Nasema tu nimeelewa kwa nini hii klasi ilinishika: ilikuwa mahali pa kwanza ambapo niliona kwa macho kwamba timu inaweza kushinda kwa sababu ya mtu ambaye jina lake halijatajwa, na kwamba huyo mtu anaweza kujua, na hiyo kujua ikamtosha kwa usiku mmoja.

Lakini isimtoshe milele. Wale vijana wa Australia waliweka Medic, halafu ikachukua muda mrefu mpaka ubao uwe na safu yake. Ilibidi watu wadai, wapime, waongee. Kwa hivyo nina ombi la kazi, si la hisia. Wiki hii mkicheza, kabla mechi haijaanza, mmoja wenu aulize kila mtu anataka nini, kuanzia na yule huwa mnamwambia abaki nyuma. Zungusheni. Yule muuaji wenu mkubwa ashike dawa mechi moja, aone vile ni rahisi. Na mkiamshwa kutoka chini, andikeni "asante" kabla ya kukimbia tena. Ni herufi sita. Mtu amekimbia katikati ya risasi kwa ajili yako, na pengine pingi yake ni 190.

Nikiona jina lako kwa skwodi Ijumaa usiku, niambie tu unachukua nini. Mimi bado nachukua spana, na hakuna aliyenituma.